Ukitaka kumwona kamba wa Naivasha

Fikiria kiboko kwanza. Kamba wa maji baridi hutembea zaidi usiku, na usiku huohuo viboko wa Ziwa Naivasha hupanda nchi kavu kula nyasi. Kwa hiyo sahau tochi na ukingo wa giza. Nenda asubuhi, jua likishapanda, hadi mahali wavuvi wanaposhushia samaki, kama Kamere. Waulize viboko wamelala wapi leo. Wanajua.

Chagua maji kidogo yaliyotulia, yenye mawe, mizizi au gugu maji linaloelea. Simama jua likiwa ubavuni, ili kivuli chako kisiingie majini wala mng'ao usikupige machoni.

Inua jiwe polepole. Tope litatibuka, usiondoke. Ngoja litulie, ndipo uangalie. Watu wengi hukosa kumwona kwa sababu ya haraka tu. Ukimaliza, lirudishe jiwe lilivyokuwa.

Kamba akishtuka, hupiga mkia na kuruka kinyumenyume. Basi neti iweke nyuma yake, si mbele ya magando.

Huna neti? Funga kipande cha samaki kwenye uzi, bila ndoana, ukitumbukize kando ya mizizi. Ukihisi uzi unavutwa, uupandishe taratibu mno. Mara nyingi kamba hakiachii mpaka afike karibu na uso wa maji, na hapo utamwona vizuri kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Mshike mgongoni, nyuma ya magando, kwa vidole viwili. Mkubwa huwa na rangi nyekundu iliyokoza; mtoto ana rangi ya kijivu au kijani ya tope. Mpindue. Dume ana vijiti viwili vigumu vilivyolala katikati ya miguu, vikielekea mbele. Jike huenda amebeba mayai chini ya mkia. Huyo mrudishe majini mara moja.

Maji yakipungua, tafuta mashimo kwenye tope la ukingoni. Shimo lililojengewa kishingo cha udongo huenda ni lake. Usiingize mkono, hujui nani mwingine amehamia humo. Kando ya mto Ewaso Ng'iro, ambako kamba huyu pia amefika, kagua kinyesi cha fisi maji juu ya mawe: vipande vya gamba jekundu huenda ni ushahidi kwamba yupo.

Mnyama huyu ni mzuri, lakini si wa hapa. Bara la Afrika, ukiacha Madagaska, halina kamba wa asili wa jamii hii. Huyu asili yake ni kusini mwa Marekani, na alitiwa Naivasha mwaka 1970 ili avuliwe kibiashara. Akazaana, akatafuna mimea ya majini hadi mayungiyungi yakakaribia kutoweka.

Kwa hiyo usimbebe akiwa hai kwenda mto au bwawa jingine, hata kwa kumwonyesha mtoto nyumbani. Piga picha. Kisha sugua tope kwenye viatu, kung'uta neti, uianike ikauke kabisa kabla ya kuitumbukiza kwingine.