Kona Tunayoiruka



Vijana wenzangu, somo la leo linahusu marafiki wa zamani, mbio, na namna Mkristo anavyokumbuka. Kabla hujaendelea, soma Luka 10:25–37 na Mathayo 5:23–24. Fungua Biblia kabisa, usiseme "hiyo naijua."

1. Wazee wa barazani

Nikiwa likizo nyumbani Tanga, jioni hukaa barazani na babu. Wenzake wawili huja, inamiminwa kahawa, kashata zinazunguka. Huanza na bei ya sukari, lakini dakika kumi hazipiti wameshafika kwenye pikipiki. Walipokuwa vijana, wakifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, walikuwa wanne, na pikipiki zao zilikuwa za Kiingereza, BSA na Triumph. Babu anasema mama yake alikuwa anaweka maji ya ugali jikoni akisikia mlio tu, kwa sababu bado alikuwa na muda wa kutosha kabla mwenyewe hajafika.

Na kila Pasaka kulikuwa na Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakahamishiwa Pasaka, na nyinyi mnajua Pasaka ya kwetu ni masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki, na gari lilikuwa Peugeot 404. Hadi leo wapo watu wanaotengeneza upya magari ya miaka ile na kushindana nayo. Mashindano yao ya Afrika Mashariki yalianza 2003.

Lakini shujaa wa babu ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyejifunzia kazi kwenye gereji ya baba yake. Alishinda 1965 kwa Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Babu haanzii hapo kumsifu. Yeye husema, "Mjukuu wangu, yule bwana aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kushinda ni siku moja. Kumaliza ndiyo tabia."

Mwaka mmoja wale wanne walitoka na pikipiki zao kwenda barabara kuu kuyasubiri magari. Moja likakwama topeni mbele yao. Wakashuka, wakasukuma, tairi likawarushia tope mwili mzima. Shati jipya la Pasaka la babu likaishia hapo. Wanacheka mpaka machozi, kila mara kama ni mara ya kwanza. Halafu anatajwa yule wa nne, ambaye ameshatangulia, na baraza lote linatulia. Babu anafanya ishara ya msalaba. Mzee mwenzake, ambaye ni Mwislamu, anasema, "Mungu amrehemu." Kisha kahawa inaendelea.

2. Sisi wanne

Nami nilikuwa na watatu wangu. Tulipomaliza kidato cha nne tulikuwa tunaazima pikipiki za bodaboda Jumapili jioni, tunashindana barabara ya kwenda Pongwe. Kofia ngumu hatuna. Hapo nakiri tu, simfundishi mtu.

Jioni moja nilikuwa ninaongoza. Kwenye kona nikatazama kioo cha pembeni, nikaona taa ya mwenzangu aliyenifuata inazunguka vibaya, kisha vumbi. Nikajua ameanguka. Nikasema moyoni, "Wa nyuma watasimama." Nikaongeza moto.

Nilifika wa kwanza. Hapakuwa na mtu wa kunipongeza, maana wale wawili walikuwa wamesimama kweli.

Alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Hospitalini nilikwenda mara moja, pamoja na wengine, na machungwa kwenye mfuko. Tukaongea mpira. Baadaye nikaingia seminari. Kwenye kundi letu la WhatsApp hatuishi kukumbushana: siku petroli ilipotuishia, siku trafiki alipotukimbiza. Ila tukikaribia kona ile, wote tunairuka.

3. Wanafalsafa wanasemaje?

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anataja aina tatu za urafiki: wa faida, wa raha, na wa wema. Katika ule wa tatu unamtakia mwenzako mema kwa ajili yake mwenyewe. Wa raha si dhambi, na vijana ndio huo hasa. Ila raha ikiisha, nao huyumba. Mwenzangu alipoanguka, raha iliisha pale pale, nami nikaonekana nilikuwa rafiki wa aina gani.

Mtakatifu Augustino anatupeleka mbele zaidi. Katika kitabu cha pili cha Maungamo anasimulia alivyoiba mapeari akiwa na miaka 16 na kundi lake, na anasema peke yake asingefanya. Alipoandika hayo alikuwa tayari askofu. Angeweza kusimulia ujana wake kwa kuchagua yale ya kuchekesha tu. Hakuiruka kona yake.

Hapo ndipo kumbukumbu za raha na kumbukumbu za Kikristo zinapoachana. Ya kwanza inachagua. Ya pili inasimulia yote, kwa sababu inasimulia mbele ya Mungu, ambaye alikuwepo.

4. "Alipomwona"

Rudi kwenye Luka. Kuhani alimwona aliyejeruhiwa, akapita upande mwingine. Mlawi alimwona, akapita. Msamaria naye alimwona. Wote watatu waliona! Tofauti yao si macho, ni huruma na kusimama. Mimi niliona kwa kioo. Na ndugu zangu, aliyetangulia kupita kwenye mfano huo ni kuhani, na mimi ndiyo kazi ninayoisomea. Nimeusikia mfano huo mara nyingi kanisani nikiwa natazama viatu vyangu.

Mlezi wangu wa kiroho aliponisikiliza alinielekeza Mathayo 5 tu: ukiwa unaleta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, nenda kwanza mkapatane. Dhambi nilikuwa nimeshaiungama zamani. Kwa mwenzangu nilikuwa sijaenda.

Likizo iliyopita nikaenda. Siku hizi ni fundi pikipiki, anakaa kwenye kigoda na mguu ule ameunyoosha mbele. Nikasalimia, nikazunguka maneno, mwisho nikasema, "Siku ile nilikuona kwenye kioo. Sikusimama."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua, Frateri. Taa yako ya breki iliwaka, halafu ikazima."

Miaka yote hiyo alikuwa anajua. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Shika tairi hapa." Nikashika. Tukafanya kazi mpaka adhana ya magharibi. Sikuambiwa neno "nimekusamehe," nami sikulidai. Siku ya pili nilirudi, nikakuta kigoda cha pili.

5. Pasaka haifuti, inaponya

Tazama Petro. Alimkana Bwana akiota moto wa makaa (Yohana 18:18). Baada ya ufufuko, Yesu anamkaribisha ufukoni, na hapo kuna moto wa makaa tena (Yohana 21:9). Anamrudisha mahali pale pale panapouma, anamuuliza mara tatu kama anampenda, na papo hapo anamkabidhi kondoo. Yesu hakuiruka kona ya Petro. Alisimama naye hapo.

Kitubio kinatuondolea dhambi. Hakituondolei safari ya kwenda kwa ndugu. Na anayemaliza mwendo vizuri si lazima awe wa kwanza. Huenda ni yule aliyegeuza pikipiki, hata kama amechelewa miaka saba.

Ya kutafakari

1. Mkikumbushana mambo ya zamani, ni hadithi gani kundi lenu huiruka?
2. Yupo uliyemwona ameanguka, ukasema "wa nyuma watasimama"?
3. Urafiki wako ukiondolewa raha, kinabaki nini?

Zoezi la wiki: mtafute mtu mmoja ana kwa ana. Usitume ujumbe ukadhani umemaliza. Na kama rafiki huyo ameshafariki, mwombee na umtolee nia ya Misa.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyesimama kwa ajili yetu njiani, tupe ujasiri wa kurudi tulikopita haraka. Wabariki marafiki wa ujana wetu, wapumzishe waliotangulia, uwalinde wote walio barabarani leo. Amina.

Bodaboda wangu, vaa kofia ngumu. Tukutane wiki ijayo.