TUZIBE UFA: KIWEWE KISIRITHIWE

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, upande wa bara wa Malindi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, ikiwemo ya watoto wengi. Waumini walikuwa wamefunga kula hadi kufa ili wakamwone Yesu. Wako watoto waliookolewa. Je, wana wao watarithi nini?

Kiwewe ni hofu inayobaki moyoni baada ya jambo la kutisha kupita. Mtoto hushtuka usingizini, hunyamaza mno au huwa mkali. Asiposaidiwa, hukua nayo. Akiwa mzazi, hufoka na kupiga kwa jambo dogo, na mwanawe akaogopa asijue anaogopa nini. Basi kiwewe kimerithiwa, hata bila kusimuliwa.

Tufanye nini? Kwanza, sisi wanafunzi tunaotembea nao njiani tusiwaite "watoto wa Shakahola". Jina hilo ni kidonda cha pili. Pili, mtoto ale, alale na asome kwa saa zake, aone kwamba leo si jana. Tatu, akitaka kusema tumsikilize, asipotaka, tusimlazimishe. Nne, mzazi naye amwone mshauri hospitalini. Wengine husema hiyo ni kazi ya wendawazimu. La hasha! Na mtoto akiwa taabuni, simu 116 ni ya bure.

Mto Sabaki huleta tope la bara hadi ufuoni kwetu. Kiwewe nacho huteremka hivyo hivyo, kisipozuiwa mapema.