SOMO LA MWEZI: Risasi iliyopunguzwa nguvu bado inaua



Hivi karibuni tulifika katika kambi moja ya wahami kwa kikao cha upatanisho. Tulidhani tutazungumzia ugomvi wa mashamba, lakini tulikuta huzuni nyingine. Baba mmoja kijana alikuwa hospitalini, amepoteza vidole vitatu, na jicho lake la kuume limefungwa bandeji.

Alikuwa ameokota masasi mahali ambapo askari walipigania. Chakula cha msaada kilikuwa kimechelewa, naye alitaka kuwinda. Aliogopa mlio mkubwa usisikike kambini, kwa hiyo alifungua masasi yale, akapunguza baruti, akayafunga tena. Alipofyatua mara ya kwanza, bunduki aliyoazima ilitoa mlio mdogo tu. Akafurahi. Alipofyatua mara ya pili, bunduki ilipasuka usoni pake.

Jioni hiyo hiyo uvumi ulienea: «Wale wa upande wa pili wanaficha silaha.» Usiku vijana wa pande zote mbili walikesha wakiwa na mapanga. Mama mzazi wa kijana alituambia: «Tulikimbia masasi kule nyumbani, na sasa tumeyaleta wenyewe mpaka kitandani.»

Lengo la somo

Kuelewa kwa nini hatupaswi kuokota wala kufungua risasi, na namna ya kulizungumzia jambo hili bila kuchochea chuki kati ya jamii.

Risasi ni nini?

Risasi nzima ya bunduki ya vita ina sehemu nne: ganda la chuma au shaba, fataki ndogo kwenye kitako, baruti ndani ya ganda, na kichwa kinachoruka. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, nayo baruti huwa moshi wenye nguvu unaosukuma kichwa. Kiwandani sehemu hizi hupimwa ili zilingane. Ukigusa moja, umeharibu hesabu yote.

Kwa nini kupunguza baruti ni hatari?

Wengi hufikiri: baruti kidogo, hatari kidogo. Sivyo.

1. Kichwa hukwama. Nguvu ikipungua mno, kichwa hakitoki. Hubaki katikati ya mtutu. Mlio mdogo ndio dalili yake. Risasi inayofuata hugonga kile kilichokwama, moshi hukosa njia, na mtutu hupasuka. Ndivyo ilivyompata yule kijana.

2. Baruti si ya aina moja. Iko inayowaka haraka na iko inayowaka polepole. Risasi ya vita haina maandishi ya kukueleza ndani mna baruti gani. Tena ziko baruti ambazo, zikiwekwa kidogo ndani ya ganda kubwa, huweza kupandisha nguvu ghafla kuliko zikijaa.

3. Fataki hulipuka yenyewe. Kugongwa au kupata joto kunatosha. Na ziko risasi za vita zenye dawa ya kuwaka ndani ya kichwa.

Huko Ulaya na Marekani wako wawindaji wanaojaza risasi zao wenyewe, hata zenye nguvu ndogo. Lakini wanajua jina la baruti yao, wana mizani ya kupimia vipande vidogo kabisa vya gramu, na wana vitabu vya vipimo. Hata hivyo ajali huwapata. Sisi wa kambini tuna nini? Jiwe, koleo na bahati.

Sheria inasemaje?

Nchi za Afrika ya Kati zilipitisha Mkataba wa Kinshasa mwaka 2010, nao ulianza kutumika mwaka 2017. Mkataba huo hauzungumzii bunduki peke yake. Unataja pia risasi na vipande vya kutengenezea silaha. Kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba risasi bila bunduki ni kitu cha kuchezea.

Tufanye nini?

- Ukiona risasi au kitu usichokijua, simama. Usikiguse, usikirushe, usikitupe motoni wala chooni. Risasi ikipata moto, ganda hupasuka na vipande vyake hujeruhi.
- Rudi kwa njia uliyojia. Weka alama mbali na kitu chenyewe, uwazuie watoto.
- Mjulishe kiongozi wa kambi au chifu. Yeye atawaita wataalamu wa kutegua mabomu.
- Kiongozi asikusanye risasi kwa mikono yake, na asiwatume vijana kuzikusanya.

Kwa viongozi tunaongeza neno moja. Mtu anayekuja kusema «ninayo masasi nyumbani» asipigwe wala asiaibishwe mbele ya watu. Akiaibishwa leo, kesho wengine kumi watayaficha chini ya mkeka ambapo watoto wanalala.

Katika kambi ile, wazee wa pande zote mbili walikwenda pamoja hospitalini kumtazama mgonjwa. Walipokwisha kusikia ukweli kutoka kinywani mwake, walirudi wakausimulia pamoja, mbele ya watu wote. Usiku huo vijana walilala. Njaa ilibaki, na tuliipeleka taarifa yake kwa wahusika wa chakula, kwa sababu mwenye njaa hasikii somo.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kambi yetu, watoto huchezea wapi, na huokota nini?
2. Ni haja gani inayowasukuma watu wetu kutafuta risasi? Tunaweza kuijibu namna gani?
3. Uvumi ukianza usiku, ni nani wa kila upande watakaokutana kwanza?

Someni somo hili kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma alipate. Tuonane katika somo lijalo.