Tutibu Malisho Wakati wa Mvua

Ukipita pembeni mwa kijiji mwezi wa Septemba, unaona nini? Vipara vya udongo mtupu. Katikati ya vipara, magugu ambayo hata mbuzi anayakwepa. Ng'ombe wamekonda, mbavu zao unaweza kuzihesabu. Mfugaji anahangaika. Anahama na mifugo, au anauza ng'ombe mmoja kwa bei ya kutupa ili wengine wapone. Watoto nyumbani wanakosa maziwa.

Tumezoea kusema, "Ni ukame bwana, tufanyeje?" Kweli, ukame upo. Lakini ugonjwa wa malisho haukuanza Septemba. Ulianza mvua za kwanza, tulipowaacha ng'ombe wale kila jani lililochomoza.

KWA NINI PANAKUWA NA VIPARA?

Majani ndiyo jiko la nyasi. Humo nyasi hupika chakula chake kwa mwanga wa jua. Majani yakiliwa kila siku, mizizi nayo inakosa chakula. Inapungua, mwisho inakufa.

Tena ng'ombe anachagua. Anakula nyasi tamu, anaacha gugu chungu. Basi nyasi tamu zinakufa, gugu linatoa mbegu. Udongo ukibaki wazi, matone ya mvua yanaupiga mpaka unakuwa mgumu kama sakafu. Maji hayaingii. Yanakimbia, na rutuba yanaibeba.

DAWA YA WAZEE: NGITILI

Wasukuma wana desturi ya zamani inayoitwa ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii humo mpaka kiangazi kikali. Wakati huo nyasi zimekua, zimekomaa, na mbegu zimeanguka.

Desturi hii ilidhoofika. Misitu ilifyekwa ili kuondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Katika miaka ya 1970 watu walihamia vijiji vipya, wakaziacha ngitili zao mbali. Ardhi ya Shinyanga ikawa tupu.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Wakati ule zilikuwa zimebaki kiasi cha hekta 600 tu za ngitili. Wananchi walianza kuzifunga tena, za kaya na za kijiji. Mikutano ya kijiji iliweka sheria, na aliyevunja alitozwa faini. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Nyasi zilirudi, na miti ikarudi pamoja nazo.

KAZI KWA MAJIRA

Mvua za Shinyanga huanza Novemba hivi na kuisha Mei. Wewe fuata majira ya kwenu.

1. Kabla ya mvua. Kubalianeni mipaka. Pandeni minyaa au katani kwenye mpaka. Kwenye vipara, vunja ule udongo mgumu kwa jembe. Chimba vishimo vya nusu mwezi, tuta likae upande wa chini wa mteremko ili maji yatulie. Weka samadi kidogo.

2. Mvua za kwanza. Funga! Asiingie ng'ombe hata mmoja. Tawanya mbegu za nyasi kwenye vipara. Usizifukie sana, ni ndogo. Zifunike kwa udongo mwepesi, kisha weka matawi ya miiba juu yake. Kama huna mbegu, pandikiza vipande vya ukoka vyenye mizizi.

3. Katikati ya mvua. Ng'oa magugu kabla hayajatoa maua. Ukichelewa, umepanda ya mwakani. Kila unapong'oa, pandikiza nyasi hapo hapo, maana tundu tupu ni kitanda cha gugu jingine. Mvuti uung'oe na mizizi yake, kwa sababu majani yake yana sumu kwa ng'ombe. Gugu karoti usilishike kwa mikono mitupu. Linawasha ngozi na linasumbua pumzi.

4. Mwisho wa mvua. Acha nyasi zikomae. Kusanya mbegu kwa mkono, zianike, zitunze kwenye gunia mahali pakavu. Palilia ukanda wa hatua sita kuzunguka ngitili, moto usivuke.

5. Kiangazi. Gawa ngitili vipande. Fungua kimoja, kikiisha ndipo ufungue kingine. Waondoe ng'ombe wakati nyasi bado zina urefu wa vidole vinne. Hizo ndizo zitakazochipua mwakani.

Usitegemee vipara vyote vizibe mwaka mmoja. Fanya hivi mwaka wa pili na wa tatu.

TUPIGE HESABU

Hapa ndipo kusoma na kuhesabu kunapofaa. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Tuseme una ng'ombe 5, na unataka walishwe siku 90.

6 × 5 × 90 = kilo 2,700.

Sasa pima ngitili yako. Kata nyasi za eneo la mita 1 kwa mita 1, zianike, zipime. Tuseme umepata gramu 200. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Kwa hiyo ekari ina kilo 800. Lakini tunalisha nusu tu, nusu tunaiachia ardhi. Zinabaki kilo 400.

2,700 ÷ 400 = karibu ekari 7.

Kama una ekari 3 tu, umelijua mapema, mwezi wa Mei. Unaweza kuuza ng'ombe watatu wakiwa bado wanene. Aliyeshindwa kupiga hesabu huwauza Septemba, wakiwa mifupa.

Akiba haiozi, ndugu. Na nyasi zilizosimama ni akiba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini gugu hushinda nyasi mahali penye ng'ombe kila siku?
2. Ng'ombe 8 wanahitaji kilo ngapi kwa siku 60?
3. Kijijini kwetu ni eneo gani tunaweza kulifunga mvua zijazo? Nani atalilinda?

MANENO MAGUMU

Mbung'o: inzi anayeambukiza ng'ombe nagana.
Minyaa: mimea yenye utomvu mweupe, hupandwa kuwa ua.
Kupandikiza: kung'oa mmea mahali na kuupanda pengine.