SOMO LETU: Mpaka Usiwe Ukuta kwa Mwathiriwa wa Uhalifu

Ndugu wasomaji wetu wa Rubongi, Malaba na Busia, uhalifu unapotendeka, wengi wetu huuliza habari za mhalifu: Je, amekamatwa? Je, atafungwa? Aliyeumizwa husahauliwa upesi. Katika somo hili tunamzungumzia yeye, na kuuliza ni yapi tunayopaswa kuyarekebisha.

Haki zake ni zipi?

Tarehe 29 Novemba 1985, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotaka mwathiriwa wa uhalifu atendewe kwa utu, aelezwe maendeleo ya kesi yake, alindwe dhidi ya vitisho, na apate msaada na fidia. Kenya imeyaweka mengi ya hayo katika Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014. Huku Uganda haki hizo zimetawanyika: Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 126, inazitaka mahakama zimpatie aliyedhulumiwa fidia ya kutosha, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2009 na Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 zinawalinda waathiriwa wa makosa hayo. Basi mtu akivuka hatua chache tu, anakutana na sheria nyingine, fomu nyingine na sare nyingine. Maumivu yake, hata hivyo, ni yale yale.

Tuchukue mfano

Mama mmoja, mchuuzi wa mahindi, anarejea jioni kwa njia ya panya. Anavamiwa, ananyang'anywa fedha na kubakwa. Anajiuliza: nikaripoti upande gani? Je, sitaulizwa kwa nini sikupita langoni? Kwa hofu hiyo anakwenda nyumbani, anaoga, anafua nguo, ananyamaza. Siku ya nne anamweleza dada yake. Kufikia hapo, saa 72 ambazo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hupaswa kuanzwa ndani yake zimekwisha, na ushahidi umekwenda na maji.

Tunasema wazi: njia aliyopita mtu haimhalalishii yeyote kumdhuru, wala haimwondolei haki ya kutibiwa na kusikilizwa.

Afanye nini?

1. Aende kwanza hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, upande wowote alipo. Uhai hautangulizwi na karatasi.
2. Akiweza, asioge wala asifue. Nguo aziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.
3. Aripoti kituo cha polisi cha karibu, na aombe namba ya kumbukumbu: ya SD upande wa Uganda, ya OB upande wa Kenya.
4. Aombe fomu ya uchunguzi wa daktari. Kwetu ni PF3, au PF3A kwa makosa ya kingono. Kenya ni P3. Polisi hawapaswi kumtoza fedha kwa fomu hiyo.
5. Ikiwa aliyedhuriwa ni mtoto, namba 116 hupokea taarifa katika nchi zote mbili.

Tunayopaswa kuyarekebisha sisi polisi

Haitoshi kuwafundisha raia huku sisi tukijisahau. Mwathiriwa asimulie mkasa wake chumbani, si kaunta mbele ya foleni. Kosa likiwa limetendeka ng'ambo, tusimwambie tu, "Nenda kule." Tumpokee, tuandike, kisha tuwasiliane na wenzetu, ushirikiano wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, umekuwapo tangu mwaka 1998 kwa makusudi kama hayo. Na mshukiwa akitolewa kwa dhamana, mwathiriwa aambiwe mapema, asije akakutana naye sokoni ghafla.

Na jamii je?

Wenyeviti wa LC1, wazee wa nyumba kumi na wakuu wa koo, tunawasihi jambo moja. Mtoto wa chini ya miaka 18 akinajisiwa, ng'ombe au fedha zinazopokewa na wazazi si haki ya mtoto. Kosa hilo ni la jinai pande zote mbili, na haliishi kwa maafikiano ya baraza la nyumbani. Kesi ikizimwa hivyo, mtoto hubaki na kidonda, na mkosaji hubaki na nafasi ya kurudia.

Maswali ya kujadili barazani

- Kituo chenu cha polisi kina mahali pa faragha?
- Mwathiriwa wa mwisho mnayemfahamu alielezwa kesi yake imefikia wapi?
- Nani kijijini anaweza kumsindikiza mtu hospitali usiku?

Jibu la "hapana" au "hatujui" tuleteeni katika mkutano wetu ujao wa polisi na wananchi. Ndiyo kazi tutakayoanza nayo.