Nahau: Kifuta machozi

Maana: Kitu kidogo anachopewa mtu ili kumpunguzia machungu baada ya kupoteza au kukosa alichokitegemea. Usijibu "kitambaa"; swali hutaka maana iliyofichika.

Mfano: Vijana wamechimba duara Geita miezi mitatu bila kuona dhahabu. Mwenye duara akiwapa nauli ya kurudi kwao Shinyanga, hicho ni kifuta machozi.

Tofautisha: Kifuta jasho ni malipo madogo ya kumshukuru aliyetoa nguvu zake. Fidia ni haki ya kisheria: mgodi ukichukua shamba, mwenye shamba hulipwa fidia.

Zoezi: Mgodi unachukua shamba la bibi yako, nao unaahidi kumpa "kifuta machozi". Kwa nini alikatae neno hilo?