SODA YA PASTA

Somo: Danieli 1:8–16

Mwezi uliopita tulimtembelea mama mmoja wa kanisa hapa Voi, tukamwombea kwa sababu sukari yake ilikuwa imepanda. Tulipomaliza akatuletea soda na mkate mweupe. Akajimiminia na yeye glasi, maana si adabu wageni wanywe peke yao. Mimi pasta wenu nikanywa yangu yote. Njiani dhamiri ikanisumbua: tumetoka kumwomba Mungu aishushe sukari, na dakika tano baadaye tunasaidia kuipandisha.

Nyumbani nikasoma lebo ya chupa. Wale tuliosomea biashara hatuwezi kuona tarakimu tukapita tu. Ikiandikwa gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, chupa ya nusu lita ina gramu 50. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hivyo hapo kuna vijiko 12 na zaidi. Ni nani atatia vijiko 12 kwenye kikombe chake mbele ya watu? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 50 hivi kwa siku nzima, na ni heri zaidi akibaki chini ya 25.

Sasa Danieli. Nikubali kwamba yeye hakuwa anapunguza uzito. Alikataa kujinajisi kwa chakula cha mfalme. Lakini angalia alivyokataa. Hakumtukana mkuu wa matowashi, ambaye alikuwa na hofu ya mfalme. Aliomba kwa heshima, akataja atakachokula badala yake, akaweka muda wa siku kumi, kisha akakubali matokeo yapimwe. Biblia ya Union inasema walikula mtama, Habari Njema inasema mboga. Neno la Kiebrania linagusa vitu vinavyotokana na mbegu zilizopandwa. Kwetu hiyo ni pojo, kunde, mbaazi.

Na hivi tunavyo! Mboga za Wundanyi na ndizi za Taveta zinateremka kwenda Mombasa, sisi tumesimama kando ya barabara na chipsi mkononi. Nyanya zetu milimani walipika kimanga, maharagwe na muhogo au ndizi vikapondwa pamoja, na hakuna aliyewaita maskini. Siku hizi ukimpikia mgeni kimanga unaanza kwa kuomba msamaha.

Wamama mnisikie hapa, hasa wajawazito na wenye watoto wadogo. Pojo na maharagwe yana protini na madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Ukila pamoja na embe, chungwa, au ukakamulia ndimu, mwili huchukua chuma hicho vizuri zaidi. Ukiteremsha na chai, kiasi kikubwa kinapotea. Chai isubiri kama saa moja. Hiyo haiongezi hata shilingi kwenye bajeti.

Kuhusu pesa, watu husema chakula bora ni cha matajiri. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka nilipopitia taarifa yangu ya M-Pesa ya mwezi mmoja. Soda, mandazi na chipsi vilikuwa vimeshinda mboga na matunda kwa mbali. Nilifunga taarifa hiyo kabla mke wangu hajaiona.

Neno moja kwa wanaotumia dawa za sukari au presha: tukikuombea, endelea kumeza dawa na rudi kliniki upimwe. Kama umepona, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza.

Mama yule nilimrudia wiki jana. Nilimwambia mapema kwa simu, "Mama, leo naomba maji na papai." Alinyamaza kidogo, nikadhani nimemkosea. Kisha akacheka, akasema, "Pasta, hata mimi hiyo soda nilikuwa nainywa kwa ajili yenu."

Kuanzia Jumapili hii, kwa siku kumi, meza ya wageni itakuwa na maji, ndizi na pojo. Idara ya ukaribisho imekubali. Wanaotaka kupimwa sukari na presha wajiandikishe kwa katibu, na jina langu liko la kwanza.